Tepu ya Tatu

Mjomba Lorcán alipozikwa, mvunguni mwa kitanda chake
tulitoa bati la biskuti, kutu imelamba pembe,
na ndani tepu tatu, kila moja imevishwa soksi ya sufu.

Alikuwa tarishi. Miaka thelathini na moja juu ya baiskeli,
barua za Boston mgongoni, mvua ya Leitrim usoni.
Mwaka umeme ulipofika bondeni, hakununua taa.
Alinunua mashine ya kurekodi, nzito kama ndama,
na Bibi hakusema naye tangu Kwaresima
hadi viazi vilipochimbwa.

Tepu ya kwanza ni Myles McTernan na fidla yake.
Usianze na fidla. Anza na kiatu:
cha kushoto, kisigino juu ya sakafu ya mawe,
kinagonga kama mtu abishaye hodi nyumbani kwake mwenyewe.
Upinde ndipo unaingia, mkavu, ulimbo haukutosha.
Anapiga “Mbuzi wa Mjane”, ambayo nyuma ya mlima
huitwa “Asubuhi ya Mnada”, na ng'ambo ya ziwa
haina jina, wao husema tu: ile.
Mzunguko wa tatu anakosea. Anacheka. Harudii.
Siku hizi vijana wamelijifunza hata lile kosa,
hulipiga kwa adabu, wamefumba macho.

Ya pili ni Bibi, hasira zimekwisha.
Fidla ya nyumba iliuzwa mwaka aliovuka shangazi Attracta;
nyuzi nne ziligeuka nauli ya meli.
Basi wachezaji walipojaa jikoni, ala ilikuwa kinywa chake:
didili-dam, didili-dai,
ulimi unaruka kama jiwe bapa juu ya maji,
pumzi anaivuta palepale ambapo upinde ungegeuka.
Katikati, bila kupoteza pigo,
“Funga mlango, kuku wanaingia,”
didili-dam.

Akaja bwana wa nyaraka kutoka Dublin, vidole safi,
akasikiliza mbili hizo huku chai yake ikipoa.
Akasema hazina bei. Akaandika risiti.
“Ya tatu,” akasema, akiirudisha sokisini taratibu
kama mtu anayemfunika mtoto, “ya tatu haina kitu.”

Juu ya kasha, kwa penseli ya mjomba:
Felim Gilrane, zumari, Jumapili.

Felim aliyepuliza mfuko kwa kiwiko,
aliyefundishwa na baba kipofu, aliyefundishwa na nani sijui.
Jumapili hiyo, alfajiri, alikwisha kushika treni ya kwenda bandarini,
akachimbe mahandaki Uingereza. Hakuaga.
Zumari iliwekwa rehani Birmingham, ikabaki huko.
Hakuna popote duniani hata sekunde moja ya sauti yake.

Dakika arobaini na mbili.
Saa ya ukutani. Mboji inaporomoka mekoni.
Mbwa anaota, kucha zinakwaruza.
Kiti kinavutwa karibu na moto, kisha kinavutwa tena.
Dakika ya ishirini, mjomba: “Atakuja. Njia ina matope.”
Birika linaanza kuunguruma, sauti moja ndefu isiyopanda wala kushuka,
na mara ya kwanza nilipoisikia nilisimama,
nikadhani ndiyo zumari.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo.
Hawakuwahi kukaa na tepu hii usiku.

Karibu na mwisho mjomba anapiga mluzi, pole pole,
nota tano, labda sita, za wimbo wa Felim,
anasimama,
anarudia nota ya nne kwa chini kidogo,
“Hapana,” anasema. “Sivyo alivyokuwa akiupiga.”

Halafu kidole chake, na kile kitufe.